Karo, Vali na Transista: Soma Hii Kabla Hujanunua Priampu

Wasee, Jumanne usiku nilifungua inboksi nikapata ujumbe wa kijana mmoja anayenifuata tangu nianze hizi posti. Jina lake nitaliacha. Yuko chuo, mwaka wa pili. Anarap, na anarekodi hosteli usiku watu wakilala. Ana maiki, ana laptopu, ana intafesi, yaani kile kisanduku unachochomekea maiki ndio sauti iingie kwa laptopu. Shida yake ni ule mvumo wa "shhh" nyuma ya kila kitu anachorekodi. Ameona priampu mahali, inauzwa elfu 42. Na elfu 42 anazo, ila ni za karo. Akauliza: "Mkuu, nikichukua hii kitu, si nitarudisha hiyo doo kwa shoo mbili tu?"

Nilisoma mara tatu. Hilo swali mimi nilishalijibu miaka mitatu iliyopita, kwa pesa ya mama yangu, na nilijibu vibaya. Sasa badala ya kumjibu peke yake, wacha nijibu hapa na wengine msome. Lakini siwezi kujibu bila kurudi nyuma kidogo, juu ukijua hii mashine ilitoka wapi, hakuna muuzaji atakuchezea akili.

Tuanze na kazi yake. Ukiongea kwa maiki, unapata umeme kidogo sana. Chukua Shure SM58, ile maiki iko kila kanisa na kila harusi tangu itoke mwaka wa 1966. Ukiiongelea kwa nguvu, mdomo karibu, inatoa kama milivolti 2. Betri ya rimoti ni volti 1.5, kwa hivyo umeme wa maiki yako ni chini ya sehemu moja ya 700 ya hako kabetri. Mashine ya kurekodi inataka karibu volti nzima. Lazima kuwe na kitu katikati cha kukuza huo umeme mara mia kadhaa, wakati mwingine mara 1000. Mara 1000 kwa lugha ya mafundi ni desibeli 60. Kitu hicho ndicho priampu. Na ugumu wake uko hapa: ukikuza sauti mara 1000, uchafu wowote ulio njiani unaukuza mara 1000 pia.

Kwa miaka mingi kazi hiyo ilifanywa na vali. Hiyo ni chupa ya glasi iliyotolewa hewa, ndani kuna waya unaopata moto kama balbu. Mmarekani Lee de Forest alitengeneza yake, Audion, mwaka wa 1906, na baada ya miaka michache vali ikawa ndiyo njia ya kukuza sauti kwenye simu, redio na studio. Kama babu yako alikuwa na ile redio ya mbao unawasha halafu unangoja ipate moto ndio iongee, hizo zilikuwa vali. Zilitoa sauti nzuri. Lakini zilikula stima, zilitoa joto, zilitaka volti mia kadhaa, na zilikuwa zinaungua.

Halafu Desemba 1947, kwenye maabara ya Bell Labs kule New Jersey, Marekani, John Bardeen na Walter Brattain, waliokuwa kwa kundi la William Shockley, wakafanya kipande kidogo cha jerimaniamu kikuze umeme. Bila chupa, bila moto. Umeme ulikuwa unapita ndani ya kitu kigumu badala ya utupu wa glasi. Tarehe 23 mwezi huo wakubwa wao wakaitwa waje waone. Na unajua walionyeshwa nini? Mtu akiongea. Kifaa kinaingizwa kwenye saketi, kinatolewa, kinaingizwa tena, na sauti inasikika ikipanda na kushuka. Yaani siku transista ilipoonyeshwa wakubwa, ilikuwa inafanya kazi ya priampu. Mwaka wa 1956 wote watatu wakapewa Nobel ya fizikia.

Sasa ingia kwa mtu anayeitwa Rupert Neve. Alizaliwa Uingereza mwaka wa 1926 lakini utotoni aliishi sana Argentina, na akiwa na miaka 13 hivi alikuwa ashaanza kuunda redio. Mwaka wa 1964 alitengenezea kampuni ya Philips Records ya London mashine za kuchanganya sauti zilizotumia transista, wakati studio nyingi bado zilikuwa zinaamini vali tu. Mwaka wa 1970 akatoa moduli ya 1073. Ndani ni transista moja moja, saketi ya kutulia, na transfoma nzito za kuingiza na kutoa sauti. Wasee wa studio wanaiongelea 1073 vile watu wa mathree wanaongelea mangoma. Mpaka leo, kununua mpya kutoka kwa kampuni yenyewe utatoa zaidi ya dola 1000 kwa moja. Moja, mstereo hata haujafikiria.

Hapo ndipo hadithi nyingi za priampu husimama, na ndipo muuzaji anataka usimame. Anataka uamini kwamba sauti safi ilizaliwa 1970, ikafa, na ukiitaka lazima ulipe vile matajiri wa London walilipa. Lakini transista haikusimama hapo.

Mwaka wa 1965 kampuni ya Fairchild ilitoa chipu ya µA709, kazi ya Bob Widlar. Mwaka wa 1968 ikatoa µA741. Ndani ya 741 kuna transista karibu 20 kwenye kipande cha silikoni ambacho ukikiangusha kwa zulia huwezi kukipata. Hizo za kwanza hazikuwa nzuri sana kwa muziki. Lakini mwisho wa miaka ya 1970 kampuni ya Signetics ikaleta 5534, iliyokuwa na kelele ndogo kiasi kwamba waunda mikisa za studio wakaanza kuitumia. Leo chipu za ukoo huo utazipata kwa bei ya soda.

Unaona vile inaenda? Kitu kilichohitaji chumba kikahitaji deski, kikahitaji moduli, kikaingia kwa chipu. Na kila kiliposhuka, mtu fulani aliyekuwa nje ya studio alipata mlango.

Mfano mmoja tu. Mwaka wa 1979 TEAC walitoa Portastudio 144, mashine ya kaseti yenye njia 4 na priampu zake ndani, chini ya dola 1200. Januari 1982 Bruce Springsteen, ambaye tayari alikuwa staa, alikaa nyumbani kwake Colts Neck, New Jersey, na hiyo mashine na maiki mbili za Shure SM57. Alikuwa anarekodi nyimbo za kuonyesha bendi yake tu, ndio waende studio kurekodi vizuri. Wakaenda. Haikufika. Kile kitu kilichokuwa kwenye kaseti kilikataa kuhamia kwa mashine ghali. Mwishowe kaseti yenyewe ndiyo ikawa albamu ya Nebraska, ikatoka Septemba mwaka huohuo. Kelele zipo mle ndani, ukitega sikio utazisikia. Hakuna mtu alirudisha rekodi dukani.

Hapa kwetu mlango huo ulifunguliwa na kompyuta. Kabla yake, kurekodi Nairobi kulimaanisha kuingia studio ya mtu mwenye pesa, kuanzia zile za enzi za Equator Sound miaka ya 1960 mpaka za River Road. Mwanzo wa miaka ya 2000 Clemo na Jua Cali wakaanzisha Calif Records, jina likitoka mtaa wa California huko Eastlands, na genge ikapata nyumba. Sisi tuliozaliwa wakati huo tulikua tukijua kwamba ngoma inaweza kutoka mtaani na ikachezwa nchi nzima. Kwa hivyo mtu asikuambie chumba chako ni kidogo.

Sasa turudi kwa Neve, kuna kipande kizuri. Mwaka wa 1985 huyo mzee alianzisha kampuni nyingine, ikaitwa Focusrite. Kazi yake ya kwanza kubwa ilikuwa moduli za deski la studio ya AIR ya George Martin kule Montserrat. Biashara ikakwama, na mwaka wa 1989 Phil Dudderidge, mmoja wa waanzilishi wa Soundcraft, akainunua. Mwaka wa 2011 kampuni hiyohiyo ikatoa Scarlett 2i2, kale kaboksi kekundu. Nenda kwa yutyuba yoyote wa mtaani, nenda kwa podkasti yoyote ya vijana watatu na kochi, utakaona kako mezani. Neve alikuwa ashaondoka kitambo na saketi si yake, tusidanganyane. Lakini kampuni iliyoanza na deski za mamilionea ndiyo leo iko chini ya kitanda cha bedsita Zimmerman.

Haya, hiyo ni historia. Sasa pesa yangu.

Nilikuwa mwaka wa pili, kama huyu kijana. Nilikuwa nimeanza kurekodi hizi stori na nikapata kazi ya kusoma tangazo, kazi yangu ya kwanza ya kulipwa. Mteja akarudisha faili: "Kuna kelele." Nikarudia, akarudisha tena. Nikaingia intaneti usiku mzima, nikaamini priampu za intafesi yangu ni takataka na nahitaji "joto la vali". Mama alikuwa ametuma elfu 34 za karo. Nikaenda mjini, duka moja huko nikauziwa sanduku zuri jeusi lenye dirisha dogo, na ndani ya dirisha vali inang'aa rangi ya chungwa. Elfu 31 na mia tano. Nililibeba kwa mathree nimelipakata kama mtoto.

Nikarekodi. "Shhh" ikawa kubwa kuliko kwanza.

Wiki ya pili nililipeleka kwa mzee mmoja wa mtaa anayetengeneza redio na subwufa. Nikamwambia, "Shikamoo mzee, hii kitu ni mpya lakini inapiga kelele." Akafungua skrubu, akachungulia, akaniita karibu.

"Kijana, unaona hii taa?" Nyuma ya vali kulikuwa na LED ndogo ya rangi ya chungwa. Ndiyo ilikuwa inang'aa, si vali. Akapima kwa mita yake. "Hii chupa inataka volti mia mbili na kitu. Hapa inapewa kidogo tu, haiwezi kuamka vizuri. Hii imekuja harusi, haikuja kazi." Halafu akanionyesha na bisibisi vichipu viwili vyeusi pembeni. "Wanaofanya kazi ni hawa."

Niliuziwa vali, na transista ndizo zilikuwa zinabeba sanduku lote. Aina ileile ya chipu iliyokuwa ndani ya intafesi niliyoidharau.

Akaniuliza nimechomeka vipi. Nikamwelezea: maiki kwa sanduku, sanduku kwa tundu la maiki la intafesi, waya wa pini tatu. Akacheka mpaka akakohoa. Nilikuwa nimepanga priampu mbili foleni, ya pili inakuza kelele ya ya kwanza. Sanduku lilifaa kuingia kwa tundu la laini. Muuzaji hakuniambia, na mimi sikuuliza.

Duka likakataa kurudisha pesa kwa sababu lilikuwa limefunguliwa. Karo ikachelewa, jina langu halikuwa kwa orodha ya mtihani, na mwezi uliofuata nikawa nimerudi nyumbani "kwa muda". Sisemi priampu ndiyo ilinitoa chuo. Kulikuwa na mambo mengine, na mengine ni yangu. Lakini kama nikipanga yale mambo mezani, hilo sanduku liko katikati, linang'aa.

Sasa hesabu, juu hapa ndipo ningeokoka. Kila kitu chenye joto kina kelele ya umeme, hata waya uliotulia. Chukua ukinzani wa ohmu 150, kama wa maiki ya kawaida: kwa joto la chumba utatoa karibu mikrovolti 0.22 za kelele. Hiyo ni sheria ya fizikia, hata tajiri hailipi ikaondoka. Kwa karatasi za vipimo inaandikwa karibu dBu −131. Sasa intafesi ya bei ya wastani ya leo inaandikwa dBu −128 hivi, kama mikrovolti 0.3. Angalia hiyo tofauti: kutoka kwa kaboksi ka mwanafunzi mpaka ukuta wa mwisho wa fizikia ni desibeli 3. Priampu ya laki moja inaweza kugombania hizo 3 tu. Zaidi ya hapo hakuna mahali pa kwenda.

Na chumba chako je? Chumba kimya cha usiku, bila fridge, bila jirani, kina kama desibeli 35 za sauti. Hiyo ikiingia kwa maiki kama SM58 inatoa karibu mikrovolti 2. Kumbuka priampu ni 0.3. Kwa hivyo chumba kinapiga kelele karibu mara 7 kuliko mashine unayotaka kuitupa. Kelele ambayo mteja wangu alisikia ilikuwa feni ya laptopu na fridge ya jirani kupitia ukuta. Nilitumia elfu 31 na mia tano kupigana na fridge.

Kwa hivyo ukitaka priampu, chagua hivi.

Kwanza, sogeza mdomo. Kila ukipunguza umbali kwa nusu, sauti yako inapanda kama desibeli 6. Kutoka sentimita 40 hadi 10 ni desibeli 12, bure. Weka soksi safi au kichujio mbele, ili herufi "p" zisikupige.

Pili, angalia geini. Maiki ya dainamiki ya kuongea inataka 50 hadi 60. Kama maiki yako ni nzito kama Shure SM7B, tafuta 60 na zaidi. Kama intafesi yako inaishia chini ya hapo na unaipeleka mpaka mwisho, hapo ndipo una shida ya kweli. Hata hiyo ina dawa ndogo: vile vibomba vya transista vinavyokaa kati ya maiki na intafesi, vinakula volti 48 na vinaongeza desibeli 20 hivi. Si lazima sanduku.

Tatu, soma ile namba ya kelele ya pembejeo. Ikiwa −125 kwenda −129, uko sawa, endelea na maisha. Wakikataa kuandika, uliza kwa nini.

Nne, maiki nyingi za kondensa zinahitaji volti 48. Mikisa zingine za bei ya chini zinaandika 48 na kutoa kidogo. Nenda na maiki yako dukani, chomeka, vaa hedifoni.

Tano, ukinunua ya mkono wa pili, zungusha kila kinobu polepole kutoka mwanzo hadi mwisho. Ikikwaruza, shusha bei au ondoka. Ukisikia mngurumo mzito badala ya "shhh", huo ni stima: toa chaja ya laptopu kwanza kabla ya kulaumu mtu.

Na priampu ghali zina maana? Zina. Ile 1073 inaongeza rangi fulani kwa sauti, transfoma zake zinafanya kitu ambacho masikio yangu yanakubali. Ukipata kazi za kulipa, nunua rangi. Lakini rangi si usafi, na usafi ndio ulikuwa unatafuta. Usafi ulishashuka bei, ilichukua miaka kama 60 na watu wengi wenye akili, na umekaa hapo mezani kwako.

Kijana wangu, jibu lako ni hili. Lipa karo. Usiku wa leo zima feni, funika dirisha na blanketi, maiki sentimita 10 kutoka kwa mdomo, urekodi mistari minane na unitumie nisikie. Kama "shhh" bado iko, nitakuja hosteli yenu na mita ya yule mzee.

Nilimtumia hayo maneno Jumatano asubuhi. Ameyaona. Hajajibu bado, na mwisho wa kulipa ni Ijumaa.